Huruma nayo inataka mazoezi

Wauguzi wenzangu wengi wanaamini huruma ni kipaji, mtu kazaliwa nayo au hakuzaliwa nayo basi, na ukiuliza mbona yule nesi mkali hivyo kwa wagonjwa utajibiwa "ndo alivyo yule, hata kwao wako hivohivo". Mi sikubaliani kabisa na hii kauli na leo naomba niieleze kwa kirefu manake nimefanya kazi wodi ya wagonjwa wa saratani miaka mingi sasa, kwanza mkoa wa Tanga alafu Dar, na nimewaona kwa macho yangu watu waliokuja wagumu wakalainika, na nimewaona waliokuja na machozi ya karibu wakashindwa kumsaidia mgonjwa hata mmoja. Ninavyoona mi huruma inafundishika, ina wanafunzi na ina mafundi wake kama ilivyo kuweka dripu au kusafisha kidonda, ila kuna mahali inaachana na ufundi mwingine wote na hapo mahali pamenisumbua kichwa muda mrefu.

Nianze na kidonda manake ndo nilipoanzia mwenyewe.

Kwa wanawake wa Tanzania saratani inayoongoza ni ya mlango wa kizazi, na wengi wanafika hospitali wakiwa wamechelewa, na wale wa saratani ya matiti nao wapo wanaofika ziwa limeshapasuka. Sasa kidonda cha saratani kina harufu yake. Siwezi kukueleza ukaielewa kama hujawahi kukutana nayo, inakaa kwenye nguo, inakaa kwenye shuka, na mwenye kidonda anajua fika kwamba ananuka. Ndugu wakija wanasimama mlangoni, mume anafika anasimama miguuni pa kitanda dakika chache anasema ana safari, watoto wanaambiwa mama kalala. Kwahiyo wewe nesi ukiingia na troli lako la vifaa huyo mama anaangalia kitu kimoja tu, uso wako. Pua ikikunjwa kidogo tu ameshaona, na siku nzima imeshaharibika hata ukimsafisha vizuri namna gani.

Inchaji wetu wa Tanga, yaani nesi mkuu wa wodi, mama mtu mzima, alikuwa anafundisha huo uso, namaanisha kweli alikuwa anaufundisha. Hakuwahi kutuambia "muwe na huruma". Alikuwa anasema fungua dirisha kabla hujafungua bandeji. Salimia, kama ni mkubwa kwako mpe shikamoo yake na usubiri marahaba usipite tu. Vuta kiti ukae. Mkono wako uguse mkono wake kwanza kabla haujagusa kidonda. Lowesha bandeji na maji ya chumvi iachie yenyewe usiivute kavu, na wakati unafanya hayo ongea, muulize habari za nyumbani, manake ukinyamaza ghafla pale bandeji inapotoka yeye anajua kwanini umenyamaza. Harufu ikikuzidi pumulia mdomo, hakuna atakayejua. Ukimaliza kusafisha saga vidonge vya metronidazo unyunyizie ule unga pale pale kidondani, inawaua wale bakteria wanaoleta harufu, na baada ya siku kadhaa utaona tofauti, na ndugu nao utaona wanasogea kitandani.

Angalia hiyo orodha yote. Hakuna hata sehemu moja kasema jisikie nini. Na miezi ile ya mwanzo uso wetu ulikuwa wa kujikalifisha, tulijua na yeye inchaji alijua, hakuna aliyekuwa anamdanganya mwenzie. Lakini kuna wakati ulifika, na sijui ni lini hasa, tukawa hatujikalifishi tena. Macho yaliyokuwa na kazi ya kupigana na pua yakapata nafasi, ndo unaanza kuona kwamba bibi wa kitanda cha dirishani anapenda kuzungumza habari za minazi yake kule Pangani, kwamba yule mwengine anauma midomo kabla bandeji haijaguswa maana yake dozi ya maumivu haijafanya kazi bado, kwamba yule binti kila siku anauliza saa kwasababu kuna mtu anamsubiri na haji. Kabla ya hapo vyote vilikuwepo mbele yangu ila sikuwa na nafasi ya kuviona. Kwahiyo mtu akiniambia uso wa kulazimisha ni unafiki namwambia hapana, huo uso ndo ulionifungulia mlango, bila huo ningeendelea kuona vidonda miaka yote.

Miaka baadae nilikuwa kwenye darsa mwezi wa Ramadhani, sheikh akamtaja Imamu Ghazali, mwanachuoni mkubwa wa Kiislamu aliyefariki mwaka 1111, kwamba alisema anaetaka kuwa mwandishi wa hati nzuri hana njia nyingine, lazima mkono wake ufanye kile anachofanya hattati aliyebobea, yaani fundi wa hati, aige kwa kujikalifisha, arudie na kurudia mpaka hati nzuri itoke yenyewe, na anaetaka kuwa mkarimu afanye hivohivo, atoe kama wanavyotoa wakarimu huku nafsi ikimvuta mpaka kutoa kuwe ndo tabia yake. Nilikaa pale nikawaza ni yule yule inchaji wetu anaongea. Na baadae tena nikaja kujua Aristotle, mwanafalsafa Mgiriki wa zaidi ya miaka 2,300 iliyopita, alishasema karibu hayo hayo, kwamba watu wanakuwa wajenzi kwa kujenga na wapiga kinubi kwa kupiga kinubi, na wanakuwa waadilifu kwa kutenda uadilifu. Watu wawili wa dini tofauti na zama tofauti na wote wanakuelekeza kwenye mazoezi. Mi hilo lilinipa nguvu sana.

Sasa wapo watakaosema hayo ni mambo ya nje tu, huruma ya kweli iko moyoni. Hebu tuongelee mofini, ile dawa kali ya maumivu.

Nimefanya kazi na nesi mmoja ambae moyo alikuwa nao jamani, mgonjwa akilia na yeye analia, anashika mkono, anaomba dua nae. Lakini mofini alikuwa anaiogopa. Aliamini mgonjwa ataizoea awe teja, kwahiyo alikuwa anasubiri mpaka maumivu yazidi kabisa ndo anampa, tena kidogo. Matokeo yake wagonjwa wake ndo waliokuwa wanapiga kelele kuliko wote usiku. Shirika la Afya Duniani lilishatoa mwongozo tangu 1986 na ni mwepesi hata kuukariri: dawa ya maumivu ya saratani itolewe kwa mdomo, kwa saa, na kwa ngazi kutoka nyepesi kwenda kali. Kwa saa maana yake usingoje maumivu yarudi. Mofini ya maji inatolewa kila baada ya masaa manne, ile ya wakati wa kulala unampa mara mbili ya dozi ili alale usiku mzima bila kuamshwa, na tangu siku ya kwanza unampa na dawa ya kulainisha choo manake mofini inafunga tumbo na mgonjwa akikaa siku kadhaa bila choo hayo nayo ni mateso mengine. Mgonjwa anaeumwa saa nane za usiku hana shida na machozi yako, anataka ile chupa ije kwa wakati. Sisemi yule dada alikuwa mbaya, alikuwa na moyo mzuri usiojua kazi, na alipokuja kufundishwa vizuri habari za dozi aliacha kulia sana na wagonjwa wake wakaanza kulala.

Kuna kitu cha Uganda huwa nakipenda kukisema hapa. Daktari Anne Merriman alianzisha Hospice Africa Uganda, shirika la kuwatuliza wagonjwa wenye magonjwa yasiyopona, mwaka 1993 akitumia mofini ya maji, unga wake unachanganywa na maji pale pale, bei nafuu, mgonjwa anaenda nayo nyumbani. Lakini nani aiandike kule kijijini ambako daktari hayupo? Basi mwaka 2004 Uganda wakabadilisha sheria, wauguzi na maofisa tabibu waliosomea tiba shufaa, yaani ya kumpunguzia mgonjwa mateso, wakaruhusiwa kuandika mofini wenyewe. Mi nikiisoma ile sheria naona ni watu walioelewa kwamba huruma ya nesi wa kijijini haitoshi ikikaa moyoni, lazima ipewe mafunzo na ruhusa na dawa ya kuitumia.

Kingine ni kutoa majibu mabaya. Madaktari wa saratani waliandika mwaka 2000 hatua sita za kumwambia mtu ana saratani: tafuta sehemu ya faragha mkae, uliza anajua nini mpaka sasa, uliza anataka kujua kiasi gani, mwambie kwa maneno mepesi, pokea hisia zake, alafu mpange nae mnaendaje. Alikuja kwetu daktari kijana kazikariri zote sita. Siku moja nilikuwa nae chumbani, akafika kwenye ile ya hisia akasema "naelewa unavyojisikia mama", mama wa watu akamuangalia akamwambia taratibu, "hapana mwanangu, hujaelewa". Wenzangu waliposikia wakasema umeona sasa, vitu hivi havifundishiki. Nikawaambia jamani huyu ndo kwanza anajifunza, mlitaka aanze na nini kama sio kukariri? Hata sindano tuliianza kwa kukariri. Na yule yule kijana baada ya muda alikuwa akishalitamka neno saratani ananyamaza kabisa, anaweka kalamu chini, anamwachia mgonjwa ule ukimya mpaka mgonjwa mwenyewe aongee, na hilo halipo kwenye karatasi yoyote aliyoikariri, lilikuja kwa kukaa na watu wengi.

Alafu zile hatua zinakwambia muulize mgonjwa anataka kujua kiasi gani, kwetu hapa kabla hujamfikia mgonjwa umeshazuiwa koridoni. "Sista tunakuomba usimwambie mama, presha itampanda." Wanae wamesimama watatu, wamechanga nauli, wamelala stendi, wanampenda mama yao na wanaogopa. Ukisema sheria ya hospitali mgonjwa ana haki basi umewapoteza na mgonjwa ndo anaenda nao nyumbani. Ukiwakubalia tu umemfungia mama peke yake na ugonjwa wake. Hakuna hatua inayokutoa hapo. Nilichojifunza kwa kuwaangalia waliobobea ni kukaa na yule mtoto mkubwa, kumuuliza yeye anaogopa nini hasa, kumuuliza kama anajua mama mwenyewe anadhani anaumwa nini, na mara nyingi mtoto anakwama pale kwasababu hajawahi kuuliza. Alafu unaenda kwa mama mbele ya huyo mtoto, unamuuliza, "mama, majibu yakija ungependa tukueleze wewe mwenyewe au tumweleze nani?" Wapo wanaosema mwelezeni mwanangu, na hiyo ni haki yao pia usiilazimishe. Na yupo bibi mmoja aliyetujibu "mimi najua siku nyingi, nawasubiri hawa wajue kwamba najua". Wanae walikuwa pale. Hakukuwa na cha kusema, tulikaa tu wote.

Sasa nije kwenye ile sehemu iliyonisumbua.

Kama wema ni ufundi basi mwenye ufundi mwingi ndo mwema zaidi, si ndio? Hapana, na nimeliona hili. Kulikuwa na mtu kwenye sehemu moja niliyopita, ulimi wa asali, anajua kukaa, anajua kushika mkono, sauti anaishusha vizuri kabisa, kila kitu alichofundisha yule inchaji wetu huyu alikuwa nacho tena kwa ubora. Na alikuwa anavitumia kuwatoa ndugu wa mgonjwa pesa. "Mama pole sana, nakuona ulivyochoka, hii dawa hapa ndani imeisha ila mimi naweza nikakutafutia." Na watu walimpenda, walikuwa wanamuulizia yeye. Plato, mwanafalsafa mwingine wa Kigiriki, kwenye kitabu chake alimweka mwalimu wake Socrates aulize swali kama hilo hilo zamani sana, kwamba aliye hodari wa kukulinda na ugonjwa si ndo hodari pia wa kukuletea kimyakimya? Na Aristotle nae ambae ndo alisema habari za kinubi alikuwa makini kuweka mpaka hapa, kwamba kwenye ufundi anaekosea makusudi ni afadhali kuliko anaekosea kwa kutojua, ila kwenye tabia njema ni kinyume chake. Seremala akipindisha mguu wa meza makusudi kumuonyesha mwanafunzi kosa, bado ni seremala mzuri. Mtu akimnyanyasa mgonjwa makusudi huwezi kusema bado ana huruma ila leo hajaitumia.

Kwahiyo kuna nia, na wengi wakifika hapa wanafunga mjadala, wanasema umeona, nia haifundishiki, tumerudi kulekule kwa kuzaliwa. Mi hapo ndo nakataa. Sisi tulioanza kufungua dirisha kwasababu inchaji anatuangalia tulikuja kulifungua saa tisa usiku hakuna mtu anayeangalia, na nia ile haikushuka tu, ilijengwa na kazi. Swali ni kwanini kwa yule mwenye ulimi wa asali haikujengwa wakati mazoezi ni yaleyale. Nimelifikiria sana hili na jibu langu ni kwamba hayakuwa yaleyale. Mkono wake ulikuwa kwenye mkono wa mgonjwa ila macho yake yalikuwa yanafanya mazoezi mengine, nani kaja na gari, nani ana simu nzuri, mtoto gani ndo anaelipa. Kila siku alikuwa anazidi kuwa hodari kwenye kile alichokuwa anakiangalia kweli, na kile hakikuwa maumivu ya mtu. Ndo maana sasa hivi mwanafunzi akifanya dresingi pamoja nami simuulizi tu kama kafuata hatua, namuuliza umeona nini. Akiniambia kidonda kina sentimita kadhaa na usaha rangi fulani sawa, namsubiri aniambie na kitu kuhusu mtu.

Na haraka je? Kwenye utafiti uliochapishwa mwaka 1973 kule Marekani, seminari ya Princeton, watafiti Darley na Batson walichukua wanafunzi 40 wa uchungaji, wakawatuma jengo la pili kwenda kutoa mazungumzo, wengine wakazungumzie mfano wa Msamaria Mwema wenyewe, yule wa kwenye Biblia aliyesimama njiani kumsaidia majeruhi, na njiani wakamweka mtu kainama mlangoni anakohoa na kugugumia. Waliokuwa na muda wa kutosha walisimama kumsaidia 63 kwa 100, wa katikati 45, walioambiwa wamechelewa 10 tu. Kwenda kuhubiri habari za Msamaria haikuleta tofauti ya maana. Yaani mtu anaenda kuhubiri wema anampita anaeumwa kwasababu saa imemkaba. Mi sikushangaa hata kidogo, mi nafanya zamu za usiku. Wodi nzima nesi mmoja, dripu tatu zinaisha kwa pamoja, mmoja anatapika, mwingine ameanza kubadilika upumuaji. Wanaosema manesi wana roho mbaya naomba wakaangalie na ratiba ya zamu imepangwaje. Lakini hata hapo kuna ufundi, sio kwamba hakuna. Waliobobea hawakimbii wakipita vitandani hata kama wana haraka, wanakupa sekunde kumi zenye macho, wanakwambia "nimekusikia baba, namalizia dripu ya jirani nakuja", na kubwa zaidi wanarudi kweli. Kurudi ndo kunamfanya mgonjwa asubiri bila hofu, akishajua unarudi hakuiti tena mara tano, na wewe muda unaongezeka. Hilo nalo hukuti mtu kazaliwa nalo.

Niseme pia hili kwa kifupi manake linaniuma: kuna watu wapole wodini na nyumbani wanamfokea dada wa kazi kwasababu ya chumvi. Ufundi unakaa pale ulipofanyiwa mazoezi, hauhami wenyewe. Kwangu hiyo ni sababu nyingine ya kuamini kwamba ni mazoezi, maana ingekuwa ni ya kuzaliwa ingetufuata kila tunapokwenda. Ila pia hatumuiti mtu mwema kwa sehemu moja tu ya maisha yake, kwahiyo kazi haijaisha mtu akivua sare.

Wanafunzi wakija kwetu wanakuja na kitabu cha kusainiwa, kuna nafasi ya sindano, ya dripu, ya katheta, ya kidonda. Mi nimekuwa nikiomba iongezwe na nafasi ya jinsi alivyokaa na mgonjwa, na mwenzangu mmoja ninaemheshimu sana anapinga, anasema ukiweka maksi hapo wataigiza ili wasainiwe. Najibu waache waigize, ila tuwasimamie karibu tuone wanaangalia wapi. Hatujakubaliana mpaka leo. Wakati tunaendelea kubishana mi nimeshabadilisha kwenye zamu yangu, mwanafunzi wa wiki ya kwanza simpi sindano, nampa bakuli la uji na mgonjwa asiyeweza kushika kijiko. Ajifunze kusubiri mtu ameze kabla hajaleta kijiko kingine, na aje aniambie huyo mgonjwa uji anaupenda wa sukari nyingi au kidogo.